Hatari ya Uzazi na Namna ya Kuinena: Maneno na Desturi za Kilwa na Pwani ya Lindi

Mwalimu au kasisi akaaye kijijini mara nyingi huitwa mwisho wa mambo: mama amekufa katika uzazi, kaburi linachimbwa, na watu wauliza ilikuwaje. Nia yetu katika makala hii ni kueleza jambo lifaalo kujulikana mapema zaidi, yaani jinsi mwanamke mwenye mimba ya hatari anavyoambiwa habari ya hatari hiyo, jinsi anavyoisikia, na kwa nini mara nyingi neno aliloambiwa halimtoi nyumbani kwake. Twasema juu ya pwani ya kusini ya Tanzania, toka Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko mpaka Lindi, pamoja na bara yake, penye Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga, Wamwera, Wamakonde na Wayao. Wote hawa husikia mambo ya zahanati kwa Kiswahili, ingawa si wote wanaozungumza Kiswahili mekoni.

1. Maneno ya sitara

Kiswahili cha pwani hakipendi kuitaja mimba waziwazi. Kusema "ana mimba" si kosa, lakini mbele ya wakwe na wazee husemwa "yu mjamzito", ama "ana himila", neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo asili yake ni mzigo uchukuliwao. Kuzaa nako husemwa kwa adabu: mwanamke "hujifungua", na aliyekwisha kujifungua huitwa "mzazi", naye hukaa ndani siku arobaini, wanawake wakija kumtazama. Amsaidiaye ni "mkunga", jina ambalo masikioni mwa watu liko karibu na "kunga", yaani mambo ya siri yasiyofunuliwa kwa kila mtu.

Miezi ya kwanza mimba hufichwa kwa kuogopa hasidi na jicho baya. Majirani huiona, nao hunyamaza. Hii ndiyo sababu moja ya wanawake wengi kufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa, ingawa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri mama aonane na wahudumu mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla wiki 12 hazijapita. Wazee husema, "Mficha uchi hazai." Watu huitumia methali hii kwa kila namna ya siri idhuruyo, lakini hapa yafaa kwa maana yake ya asili: atakaye msaada wa uzazi hana budi kuonekana na amsaidiaye.

2. Neno hatari na maana zake mbili

Katikati ya maneno haya ya sitara, muuguzi hutazama kadi ya mama, huona alama fulani, kisha husema, "Mama, mimba yako ni ya hatari, utajifungulia hospitali." Neno ni moja, lakini maana ni mbili, na tofauti hii ndiyo kiini cha mambo yote tutakayoeleza.

Katika usemi wa kila siku, hatari ni kitu kilichopo sasa hivi. Nyoka njiani ni hatari. Bahari ya kusi kwa ngalawa ndogo ni hatari. Waya wa umeme ulioanguka ni hatari. Katika hesabu za waganga wa hospitali, hatari ni jambo liwezalo kutokea: kati ya wanawake wengi walio na alama fulani, wachache watapatwa na shida, na wengi watajifungua salama. Mama aliyeambiwa kwamba yu katika hatari hurudi nyumbani na kujichunguza. Ateka maji, atwanga, alala usingizi mzuri, na mtoto acheza tumboni. Hatari haioni. Basi ama huamua kwamba muuguzi amekosea, ama hufadhaika, akidhani ametamkiwa uchuro. Maana katika desturi ya pwani kumtajia mtu baya lisilompata ni kumchuria, na mwenye adabu hafanyi hivyo, hasa kwa mwanamke mzito.

Kadi za kliniki za Tanzania zina neno lililo bora zaidi, nalo ni "vidokezo vya hatari". Kudokeza ni kutaja jambo kidogo tu bila kulimaliza. Vidokezo ni mambo yaliyopo kabla ya shida yo yote, kama vile mama kuwa na umri chini ya miaka 20. Mimba ya kwanza baada ya miaka 35. Kuwa amezaa mara nyingi. Kimo kilicho chini ya sentimita 150. Kilema cha nyonga. Kuwa alipasuliwa katika uzazi uliotangulia. Au kuwa alizaa mtoto mfu. Mbali na hivyo ziko "dalili za hatari", nazo ni shida iliyokwisha anza: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa kali, mtoto kuacha kucheza, maji kutoka kabla ya uchungu, au uchungu kupita saa 12 pasipo kuzaa. Kidokezo huomba maandalizi. Dalili huomba kwenda saa ile ile. Afundishaye akiyachanganya mawili haya, mama mwenye kidokezo ataogopa bure, na mama mwenye dalili atangoja.

Liko na jina jingine lenye kupoteza watu, nalo ni "kifafa cha mimba". Ugonjwa huu huja na presha ya damu kupanda katika mimba, na mwisho wake mama huanguka na kutetemeka mwili mzima. Jina lake limeazimwa kwa kifafa cha kawaida kwa sababu mwili hutetemeka kwa namna iliyo moja. Lakini kifafa, katika mawazo ya watu wengi wa pwani, ni maradhi ya siku nyingi ama ni kazi ya pepo, na dawa yake hutafutwa kwa mganga. Hivyo mama huchukuliwa upande usiofaa, hali ugonjwa wenyewe wataka hospitali bila kukawia. Tena presha haina maumivu mwanzoni. Hujulikana kwa kupimwa tu. Mwalimu akieleza kwamba kifafa hiki kimezaliwa na presha ya mimba, wala hakina udugu na kile kingine, amefanya kazi kubwa kwa maneno machache.

3. Mbona aliyeonywa hakwenda?

Watafiti waliochunguza jambo hili katika mkoa wa Mtwara, walio jirani za Lindi, walitoa habari zao mwaka 2000. Walikuta kwamba akina mama wengi waliopewa rufaa kwa sababu ya vidokezo hawakufika hospitali, na kwamba umbali na gharama si vizuizi pekee. Namna ya mama mwenyewe na jamaa zake ya kuipima hatari ilikuwa mbali na ile ya kliniki.

Tutwae mfano. Mwanamke aliyezaa watoto sita wakiwa hai ana heshima kijijini. Ni mzazi hodari, na wasichana hutumwa kwake kujifunza. Kliniki humwambia kwamba kwa sababu hiyo hiyo, yaani kuzaa mara nyingi, yu katika hatari, maana mfuko wa uzazi uliochoka hukosa nguvu ya kujikaza baada ya kuzaa, na damu hutoka kwa wingi. Asipoelezwa sababu, husikia tusi: amesifiwa na watu wote kwa jambo ambalo muuguzi amelihesabu kuwa dosari. Kadhalika msichana wa miaka 16 huonekana amekwisha kuwa mtu mzima, kwa kuwa amevunja ungo na kuchezwa unyago. Hali nyonga zake hazijamaliza kukua.

Neno "rufaa" nalo lina mzigo wake. Wengi walilijua kwanza katika habari za mahakama, ambako kukata rufaa ni kupeleka kesi mbele kwa gharama na kwa mashaka. Na hospitali ya mbali katika mazungumzo ya wanawake ni mahali pa kisu. Kwa hiyo mama aliyepewa karatasi ya rufaa akiwa mzima wa mwili huona amepelekwa kupasuliwa pasipo kosa.

4. Yale ambayo hesabu zimeonyesha

Wasomaji wetu wataka kujua kama vidokezo hivyo vyatabiri kweli. Jibu ni kwamba vyatabiri kidogo. Katika Kasongo, mashariki ya Kongo, wachunguzi walitoa mwaka 1984 hesabu zilizojulikana sana baadaye. Waliwatazama wanawake waliodhaniwa kwamba mtoto atakwama wakati wa kuzaliwa. Kati ya hao, asilimia 90 hawakupatwa na shida hiyo. Na kati ya wale ambao mtoto alikwama kweli, asilimia 71 hawakuwa wametiwa alama yo yote. Baada ya mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987, mataifa yalianza polepole kuacha kutegemea vidokezo peke yake. Kwa kawaida huhesabiwa kwamba katika wajawazito 100, kama 15 watapatwa na shida kubwa, na wengi wao hawajulikani mapema.

Je, kadi haina faida basi? La, hasha. Ziko alama zenye nguvu ambazo hazifai kupuuzwa hata kidogo: kovu la upasuaji, mapacha, mtoto aliyelala kingamo, kondo lililotangulia, presha iliyopanda, upungufu mkubwa wa damu. Mama mwenye mojawapo ya hizo ahitaji kuwa karibu na hospitali kabla ya siku zake. Lakini asiye na alama asiambiwe kwamba yu salama kabisa. Aambiwe kwamba naye ajiandae. Hili ndilo kosa la zamani katika mafundisho mengi: wachache walitishwa, na wengi walilazwa usingizi.

Habari ya umbali nayo imehesabiwa katika nchi hii hii. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, ulioangalia vifo vya miaka ya 2004 hadi 2007, ulikuta vifo vya wanawake katika mimba na uzazi zaidi ya 700 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Vifo vilivyoletwa na shida za uzazi wenyewe vilikuwa zaidi ya mara tatu kwa wanawake waliokaa mbali ya kilomita 35 toka hospitali, kuliko kwa wale waliokaa ndani ya kilomita 5. Tangu wakati huo nchi imepiga hatua kubwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha vifo 556 kwa kila watoto hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Lakini umbali haukuondoka. Mwanamke atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili. Hospitali ya wilaya iliyoko Kinyonga, Kilwa Kivinje, ile ya Sokoine mjini Lindi, ile ya misheni ya Nyangao, na ile ya Kipatimu katika milima ya Umatumbi, zina thamani kwa mama huyo kwa kadiri ya muda wa kuzifikia tu.

Na njia zenyewe hazikai siku zote. Mwezi wa Mei 2024, mvua kubwa zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hata Lindi upande wa Kilwa, na magari yakakwama. Mkaaji wa kisiwa cha Songo Songo hutegemea chombo na upepo. Mwenye mimba kubwa aliyehamia shamba kulinda mazao, akilala katika dungu, yu mbali hata na zahanati ya kijiji chake.

5. Nani mwenye neno nyumbani

Mtu asidhani kwamba mume peke yake ndiye atoaye ruhusa. Wamwera, Wamakonde na Wayao hufuata ukoo wa mama, na katika mambo ya uzazi sauti ya bibi, ya mama mzazi na ya mjomba husikilizwa sana. Mimba ya kwanza hasa huwa mikononi mwao. Wayao wanayo desturi yao ya mimba ya kwanza, iitwayo litiwo, ambamo mwanamke hufundishwa mambo ya uzazi na wanawake wakubwa. Mume naye huenda yuko dago, akivua, na simu yake haipatikani. Hivyo uchungu ukianza usiku, mama hawezi kuondoka mpaka wenye neno wapatane. Na saa hupita.

Tena yako maswali ambayo kliniki haiyaulizi. Nani atawapikia watoto wanaobaki? Nani atafukuza nyani na nguruwe shambani? Huduma ya uzazi katika vituo vya serikali haitozwi fedha kwa kanuni, lakini nauli, kanga safi, chakula cha msindikizaji na mahali pake pa kulala vyote vyataka kitu mkononi.

6. Njia zilizojaribiwa

Njia ya kwanza ni nyumba ya kungojea, iliyojengwa karibu na hospitali, ambamo mama mwenye kidokezo kikubwa hukaa wiki zake za mwisho. Katika sehemu kadha za Tanzania nyumba hiyo huitwa chigonela, jina lenye sauti ya kitenzi -gona, ambacho kwa Kiyao ni kulala. Ni msaada wa kweli, lakini hutaka chakula na mwenzi. Mwanamke hapendi kungoja uzazi kati ya wageni.

Njia ya pili ni kutembelea nyumbani. Kati ya miaka ya 2010 na 2013, katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, wanawake wa vijijini waliojitolea walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi, kwa mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Waliandamana na mama tangu mimba hata baada ya kuzaa. Desturi kadha zilitengenea, kama vile kumnyonyesha mtoto mapema. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko katika kata zisizotembelewa. Twajifunza kwamba neno jema nyumbani ni la lazima, wala halitoshi. Mwisho wa njia yapasa pawe na kituo chenye watu, dawa na damu.

Njia ya tatu ni simu. Mwaka 2012 ilianza kampeni iliyoitwa Wazazi Nipendeni, iliyopeleka mashauri kwa ujumbe wa simu bila malipo. Jina lake lilichaguliwa kwa akili, maana asemaye ni mtoto aliye tumboni, naye asema na wazazi wote wawili. Hapana uchuro katika maneno yake. Kisha, tangu mwaka 2022, serikali ilianza kuueneza nchi nzima mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza upande wa Ziwa. Mtu hupiga namba 115 bila kulipa. Apokeaye huuliza dalili, kisha hutuma gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humwita dereva wa karibu aliyeandikishwa, ambaye hulipwa na mpango wenyewe.

7. Kazi ya mwalimu

Twaona basi kwamba neno la hatari huzaa matunda pale tu linapogeuzwa kuwa habari ya safari. Mtu aambiwaye hatari hutafuta kama aiona. Mtu aambiwaye safari huanza kufunga mzigo. Kwa hiyo twashauri mambo haya machache.

Kwanza, mwalimu asianze na msichana, aanze na mwenye neno. Kusema, "Binti yako ana hatari," ni kufunga mlango. Afadhali aseme hivi: "Shikamoo, bibi. Mjukuu wako ana safari mbele yake, na kliniki wamedokeza aifanye mapema. Nimekuja tushauriane, nani atakwenda naye na nani atabaki na watoto." Bibi aliyeulizwa shauri huwa mwenye shauri, na neno litakuwa lake.

Pili, aeleze sababu. Mzazi hodari wa watoto sita asifiwe kwanza kwa haki yake, kisha aelezwe habari ya mfuko uliochoka na ya damu. Watu wa pwani hawakatai sababu. Hukataa amri isiyo na sababu.

Tatu, mkunga wa jadi asifukuzwe. Zamani serikali iliwafundisha wakunga hao kuzalisha. Siku hizi yataka kila mama azalishwe na mwenye ujuzi katika kituo. Lakini mkunga aliyepewa kazi ya kusindikiza, akakaa na mama hospitalini, huondoa ule ugeni ambao ni nusu ya hofu.

Nne, mafundisho haya yapelekwe katika vyombo ambavyo watu wanavyo. Askofu Lucas wa Masasi alijulikana kwa kulitumia jando na unyago kwa mafundisho mapya badala ya kuvivunja. Vivyo hivyo somo na kungwi wakijua dalili za hatari, zitafundishwa penye unyago na litiwo kwa sauti inayoaminiwa, nao wanawake watazikumbuka.

Tano, dalili zifundishwe kwa wanaume pia, shuleni, katika ibada na barazani, pamoja na namba ya simu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mwenye chombo, mwenye pikipiki na mwenye fedha ya ufuta na korosho mara nyingi ni mwanamume.

Wazee wa pwani walikuwa na usemi, "Tahadhari kabla ya hatari," nao watosha kuwa muhtasari wa kadi nzima ya kliniki. Kwa hiyo mwalimu asikiapo kwamba katika mji fulani yuko mama mzito, mwenye alama au asiye na alama, amwulize mwenye neno wa mji huo mambo matatu: mtakwenda wapi, kwa chombo gani, na nani atakwenda naye. Yakikosa jibu, arudi tena wiki ijayo, aulize tena.